Nyota Aliyoifuta Tharcisse

Kama uliishi Bunia miaka ile, ulimpita Tharcisse mara mia bila kumwona. Mtu mfupi, shati la mikono mirefu, kifungo cha shingoni kimefungwa hata jua likiwa kali, kalamu mbili mfukoni. Hakugombana na mtu, hakuchelewa kazini, hakuwa na maneno mengi. Watu wa namna hiyo hawasimuliwi, na mimi jambo hilo linanikera, kwa sababu wao ndio wanaobeba mzigo mzito wakanyamaza nao. Basi leo nitamsimulia yeye, na siwezi kuanza bila dada yake.

Dada yake aliitwa Régine. Walikuwa watu wa upande wa Mahagi, Wakatoliki wa kushika misa. Mwaka wa uasi, 1964, wazazi wao walikufa wote wawili, Régine akiwa na miaka kumi na saba, Tharcisse kumi. Régine alimshika mdogo wake mkono wakaja Bunia kwa shangazi, na mwezi haujaisha alikuwa anashuka Kasenyi, kando ya ziwa, kununua samaki wakavu na kupanda nao kichwani mpaka apate lori. Samaki hao ndio waliomsomesha Tharcisse. Daftari zake zilinuka samaki, kaptula yake ilinuka samaki, na wenzake darasani walimtania mpaka alipowapita wote katika hesabu. Hapo wakaanza kumwomba awaonyeshe majibu.

Mwaka wa 1972 serikali ilipokataza majina ya ubatizo, akawa Ukumu kwenye karatasi zote za shule. Régine alikataa. Alisema hilo jina la Tharcisse padri alilitia kwa maji na mama yao akiwa hai, na karatasi haina mama. Kwa hiyo nyumbani alibaki Tharcisse, na mimi namfuata Régine.

Mwaka wa 1975 alipata kazi kwenye kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu, kilichokuwa chini ya misheni. Mgonjwa wa kifua wa kwetu hatulii mahali. Anaanza dawa Djugu, anasikia kuna dhahabu Mambasa, anapanda lori, miezi minne baadaye anakohoa damu mbele ya muuguzi asiyemjua. Fishi yake, yaani ile karatasi ngumu ya kuandikia dawa zake zote, imebaki Djugu kabatini. Kazi ya Tharcisse ilikuwa kukaa kila asubuhi kwenye foni, redio ya kusemea, na kuita vituo vitatu vingine: Djugu, Komanda, Mambasa. Aliomba asomewe fishi, akaiandika upya kwa mkono, akampelekea muuguzi. Miaka kumi na miwili alifanya hivyo, na koo lake likawa kama la mwalimu.

Régine wakati huo alikuwa ameolewa na Kamate, mfanyabiashara Munande aliyehamia Mambasa kutoka Butembo. Kamate alikuwa mtu mrefu wa mizaha. Alipenda kusema alimwoa Régine juu ya harufu ya samaki, maana alijua nyumba hiyo haitalala njaa. Kila Krismasi walituma kikapu Bunia, na ndani yake Régine hakukosa kumtilia mdogo wake kitu, hata kama ni soksi.

Sasa tufike kwenye mashini. Mwaka wa 1987 Frère Augustin, mtawa mzee aliyekuwa akifundisha umeme, alirudi kutoka likizo Ulaya na ordinatere nne, yaani kompyuta, ndani ya masanduku ya mbao, moja kwa kila kituo. Pamoja nazo alileta programu ambayo watu wa mbali waliiandika na kuigawa bure, pamoja na maandishi yake yote ya ndani, kurasa mia tatu na zaidi. Hakuna kilichofungwa. Mtu yeyote mwenye akili ya kuisoma aliruhusiwa kuifungua, kuibadilisha na kumpa mwingine. Tharcisse aliposikia hivyo hakuamini. Alikuwa amezoea vitu vya wazungu kuja na kufuli.

Walifanya kazi wiki tano. Walivuta waya wa antene kutoka kwenye tangi la maji mpaka kwenye mkalitusi, wakafunga bateri mbili za lori na bamba la kuvuta jua, wakaunganisha kisanduku kidogo kilicholia kama kifaranga kila kilipopeleka maneno kwenye foni. Mara kumi mashini iligoma. Frère aliapa kwa Kiflamandi, kisha akaomba msamaha kwa Bikira. Tharcisse alisoma zile kurasa akiwa na kamusi ya Kiingereza upande wa kushoto na ya Kifaransa upande wa kulia, na polepole akaanza kuelewa hata pale ambapo Frère alikuwa ameshindwa.

Wazo lenyewe lilikuwa hivi. Kila kituo kinaweka fishi zake ndani ya mashini yake. Lakini Bunia ukitaka fishi ya Mambasa, huiti mtu tena. Unaandika jina, mashini yako inakwenda yenyewe kwa njia ya foni, inaileta, nawe unaisoma kana kwamba ilikuwa mezani kwako siku zote. Frère alimfafanulia kwa mfano wa sokoni, maana alimjua anatoka wapi.

"Hii sehemu ya Bunia njo mukiliya, mununuzi," alisema. "Mukiliya haiko na samaki. Inaenda kwa mwenye samaki, inaomba, inaleta ku nyumba."

"Na kama mwenye samaki hayuko, Frère?"

"Basi inakupa ile ya juzi yenye ilibakia mu nyumba. Lakini inatia nyota hapa juu ya jina, juu ujue ni ya juzi. Ukiona nyota, usile mbele ya kunusa."

Siku fishi ya kwanza ya Mambasa ilipotokea kwenye kioo, herufi moja moja, Tharcisse alisimama akavaa koti. Hakujua kwa nini. Alimwandikia Régine barua ya kurasa nne, na Régine, ambaye hakuwa msomaji, alimwambia Kamate amsomee mara mbili. Kisha akaenda sokoni kuwatangazia wenzake kwamba mudogo wake anasoma karatasi za Mambasa akiwa amekaa Bunia. Wengine walisema huo ni uchawi. Yeye akasema huo ni samaki.

Ile nyota ndiyo iliyoleta taabu. Mara nyingi foni ilikatika: mvua, radi, jua dogo, bateri kuchoka. Kila ilipokatika, nyota ilitokea. Na Mama Godelive, muuguzi mkuu, alikuwa mwanamke wa sheria. Nyota ikiwapo, dawa hatoi. Mgonjwa arudi, foni ikipona atakuja tena. Watu wakaanza kuiogopa kuliko sindano. Walikaa foleni wakiulizana kama leo nyota iko ama haiko.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Djugu, Philippe, mapafu yamekwisha, mguu mmoja umevimba. Alifika mara ya kwanza, nyota. Akarudi. Mara ya pili, nyota. Mara ya tatu alifika juu ya baiskeli ya mkwewe, akiwa amefungwa kwa kamba ya mizigo asianguke, na nyota ikawapo tena. Mzee hakupiga kelele. Alikaa chini ukutani, akavua kofia, akamuuliza Tharcisse kwa adabu.

"Mutoto wangu, ile mashini inanikatala juu ya nini? Niliikosea nini?"

Tharcisse aliingia ndani, akafungua fishi ya mzee, akaisoma yote. Ilikuwa ya wiki mbili nyuma, na aliamini kule Djugu haijabadilika hata neno, kama zilivyokuwa nyingi. Moyo ulimuuma kabisa. Akazitoa zile kurasa mia tatu, akatafuta mahali nyota inapotengenezwa, akapata mistari mitatu tu. Akaizima. Haikumchukua hata robo saa. Mzee Philippe alipata dawa zake siku hiyo akarudi Djugu anaimba.

"Nimeitengeneza, mama," Tharcisse alimwambia Godelive. "Nyota haitasumbua tena."

Godelive alidhani ni foni iliyotengenezwa. Alimshukuru, akampa mkono, akasema Mungu ampe miaka mingi. Tharcisse aliona kwamba mama hakumwelewa, akarudi kwenye foni bila kumsahihisha. Nasema wazi: hapo ndipo alipokosea, na si penginepo. Kuhurumia si dhambi. Lakini mwenye kutoa dawa alikuwa Godelive, na alistahili kujua anachosoma ni cha leo ama cha juzi. Hiyo ilikuwa Februari 1988. Frère Augustin alikuwa amehamishiwa Kisangani, hakuna wa kumuuliza. Miezi minane ikapita bila ubaya, foleni ikawa fupi, watu wakamletea Tharcisse maharagwe na ndizi. Naye akaanza kutembea kidogo kama mtu anayejulikana.

Mwezi wa sita mwaka huohuo Régine alianza kukohoa. Ilikuwa kifua kikuu. Muuguzi wa Mambasa, kijana makini aitwaye Vital, alimwanzishia vidonge vya aina tatu na kumwandikia fishi kwenye mashini, na Tharcisse akawa anaifungua kutoka Bunia kila wiki kumwangalia dada yake. Uzito umepanda kidogo. Kikohozi kimepungua. Alikuwa akiisoma kama mtu anayesoma barua.

Oktoba, mambo yakageuka. Jumatatu, tarehe kumi, Régine alifika kwa Vital ngozi inawasha mwili mzima, homa juu, midomo imevimba. Vital alijua. Kile kidonge cha tatu kina watu kinaowachoma, na mtu aliyechomwa mara moja akikimeza tena anaweza kufa. Alikisimamisha palepale. Kidonge cha kukibadilisha hakikuwapo Mambasa, kilikuwa Bunia, basi akaandika kwenye mashini kila kitu, na akamwambia Régine aende kwa ndugu yake.

"Barua iko wapi?" Régine aliuliza, maana zamani mgonjwa hakusafiri bila barua.

"Barua ya nini tena, mama? Iko mu mashini. Mudogo wako ataisoma weye ungali mu lori."

Jumanne Régine akapanda lori. Jumanne hiyohiyo bateri ya Mambasa ilikufa, maana mvua ilikuwa imefunga jua wiki nzima, na maandishi ya Vital yakabaki ndani ya mashini yake gizani. Kamate hakumsindikiza mkewe kwa sababu ya duka, jambo ambalo mpaka leo analisema bila kuulizwa.

Alhamisi Régine alishuka Bunia. Ngozi ilikuwa imetulia, homa imekwisha, safari imemchosha tu. Tharcisse alimpokea kwa furaha ya mtoto. Alimpeleka kituoni mwenyewe, akamkalisha kwenye kiti chake, akawaita wafanyakazi waje wamsalimie yaya yake, dada yake mkubwa.

"Mama, kule Mambasa walikupa dawa gani?" Godelive alimuuliza. "Ulisikia mubaya yoyote?"

Régine alicheka. Alinyoosha kidole kwenye mashini, mbele ya watu wote, kwa majivuno yasiyofichika.

"Unaniuliza mimi? Muulize ule. Vital aliandika yote mule. Mudogo wangu atakusomea."

Tharcisse aliandika jina. Kisanduku kikalia, kikatafuta Mambasa, kikangoja, kikakosa. Asubuhi ile fishi za Komanda na Djugu zilikuwa zimekuja vizuri, hakuwa na sababu ya kushuku. Fishi ikatokea, safi, jina la dada yake, na juu ya jina hakuna nyota. Maandishi ya mwisho yalikuwa ya wiki moja na nusu nyuma. Vidonge vitatu, aendelee.

"Hakuna mubaya," Tharcisse akasema kwa sauti. "Aendelee na zote tatu."

Godelive akampa zote tatu. Régine akazimeza kwa maji ya kikombe cha ndugu yake, akiamini cha tatu ndicho kile kipya alichokifuata Bunia.

Jumamosi ilikuwa siku ya vituo vyote kuongea kwa sauti. Komanda aliitika. Djugu aliitika. Mambasa kimya. Komanda akasema Mambasa haisikiki tangu Jumanne. Tharcisse alishika kile kipaza sauti mkononi, akahesabu: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Alitoka mbio, na mtu yule hakuna aliyewahi kumwona akikimbia Bunia. Alipofika nyumbani, mke wake Wivine alikuwa mlangoni, anasema yaya ameamka na homa na ngozi ya kifua imeota malengelenge.

Walimpeleka kwa Godelive, na hapo Tharcisse akamwambia yote: nyota, mzee Philippe, mistari mitatu, miezi minane. Godelive alimsikiliza akiwa anakata bendeji. Hakumtukana, na ingekuwa heri angemtukana.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," alisema. Kisha akamwambia amshike dada yake miguu, wamwoshe.

Sitasimulia siku zile zote. Ngozi ilitoka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Macho yalifunga. Hakuweza kumeza hata uji. Barabara ya Komanda kwenda Mambasa ilikuwa matope, malori yamekwama foleni, hakuna wa kupeleka habari kwa Kamate. Tharcisse alikaa kando ya kitanda na kipande cha khanga akimfukuzia inzi. Siku ya nne Régine alimuuliza, kwa sauti ambayo ilibidi ainame kuisikia.

"Tharcisse. Mashini ilisema nini?"

"Pumzika, yaya."

"Vital aliandika?"

"Pumzika kwanza. Utapona."

Régine alikuwa amemlea, alijua sauti yake ikidanganya. Hakumuuliza tena. Alikufa Ijumaa, tarehe ishirini na moja, asubuhi, wakati Wivine amekwenda kuchota maji. Walimzika Bunia kesho yake, maana mwili ule haukuweza kungoja mtu. Kwenye matanga watu walimsifu Tharcisse kwa jinsi alivyomuuguza dada yake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anaitika, asante, asante.

Jumatano iliyofuata jua la Mambasa lilirudi. Tharcisse alikuwa peke yake chumbani wakati kisanduku kilipolia na fishi ya Régine ikaanza kujiandika upya. Chini ya maandishi ya zamani ukatokea mstari wa Vital: tarehe 10 Oktoba, ngozi imewaka, homa, nimesimamisha kidonge cha tatu, asipewe tena hata mara moja, Bunia mumupe kingine. Aliusoma mpaka mwisho. Kisha akaanza upya.

Kwa kanuni ya kituo, fishi ya marehemu hufungwa kwa kuandika tarehe na sababu, na vituo vyote vinne hupokea. Wengi huandika neno moja, ugonjwa, wakaendelea na kazi. Tharcisse yeye akaandika kwamba Régine amekufa kwa kidonge cha tatu, alichopewa Bunia tarehe 13, kwa sababu yeye, Ukumu Tharcisse, alisoma fishi ya zamani akadhani ni mpya, na alidhani ni mpya kwa sababu yeye mwenyewe mwezi wa pili aliizima ile nyota bila kumwambia mtu. Kuanzia leo nyota imerudishwa. Akaweka jina lake. Akaituma.

Kisha akachukua foni na kuita kwa sauti, mmoja mmoja, kama zamani. Djugu akasema imepokelewa. Komanda akasema imepokelewa, poleni sana. Mambasa ikakawia. Ilisikika mikwaruzo, kiti kikivutwa, mtu akisema kitu mbali na kipaza sauti. Hatimaye ikaja sauti ya Vital, nzito.

"Bunia, hapa Mambasa. Nimesoma. Kamate iko hapa pembeni yangu tangu asubuhi, alikuja kuuliza habari ya mama. Nimemusomea yote."

"Nakusikia, Mambasa."

"Anauliza neno moja tu. Anauliza kama aliumia."

Desturi yetu jibu lake inalijua. Mfiwa akiuliza hivyo unamwambia hapana, alilala tu, alikwenda kwa amani, na mfiwa anajua unamwambia nini, anakushukuru. Wivine, aliyekuwa ameingia na chai, alimtikisia mumewe kichwa: sema hapana. Djugu na Komanda walikuwa bado kwenye mstari, wanasikiliza. Tharcisse alibonyeza kitufe, akaachia, akabonyeza tena.

"Mwambie ndiyo, Vital. Siku saba. Aliumia sana."

Tharcisse akaendelea kushikilia foni sikioni, na upande wa pili, kupitia mikwaruzo, akamsikia shemeji yake akilia.